Asubuhi Moja Bila Ukungu

Namna nilivyofika Marudio si habari ya kumpotezea mtu muda. Nchi ipo, nilikwenda, nikarudi na kikohozi. Anayetaka ramani akaulize kwingine.

Marudio ni nchi ambayo wananchi wake wana kazi moja tu: kujenga upya miji waliyoiona utotoni ndani ya gemu za video. Nasema miji ya kweli, ya mawe na udongo, yenye watu wanaolala na kuamka humo. Gemu zenyewe zilikwisha zamani. Mashine zimekufa, kaseti zimeliwa na kutu, na waliozitengeneza walishahamia kwenye biashara nyingine. Lakini watoto wa wakati ule walipokua walikataa katakata kuachana nazo. Walikusanyana, wakakumbushana, wakagombana, kisha wakaanza kuchimba misingi. Kila wilaya ni mji wa gemu moja, na watoto wao wamezaliwa humo humo wasijue kwingine.

Mpakani hawakunidai pasipoti wala cheti cha chanjo. Afisa, mzee mwenzangu mwenye mvi, aliniuliza neno moja.

"Ulicheza?"

"Nilicheza nini?"

"Bwana mgeni, usinitie majaribuni asubuhi hii. Mlinzi wa Daraja. Ulicheza au hukucheza?"

Nikakumbuka kibanda cha gemu nyuma ya soko, televisheni imefungwa kwa waya isianguke, na sisi tumebanana kwenye benchi tukigombea zamu. "Nilicheza kidogo," nikasema. "Kila nikifika darajani nakufa."

Machozi yalimlengalenga. "Darajani," akasema. "Ndugu yangu, sote tulifia darajani." Alinikumbatia mbele ya watu, akanigongea muhuri wa mkononi, kisha akanikabidhi kwa Bwana Mbaruku, ambaye angenitembeza Ghubari, mji wa gemu hiyo hiyo.

Bwana Mbaruku ni Mshika Kamba wa Ghubari, na tafadhali msicheke, maana kule ni cheo kikubwa kuliko hakimu. Kamba yenyewe ina urefu wa kamba ya kuanikia nguo kwenye ua wa kawaida. Ndiyo kipimo cha umbali ambao mchezaji aliweza kuona katika Ghubari ya asili. Mbele ya hapo ilikuwa ukungu mtupu. Basi kila alfajiri Bwana Mbaruku hufunga ncha moja kwenye kigingi cha uwanjani, hushika ncha ya pili, hutembea mpaka kamba ikakamaa. Msaidizi wake akiwa bado anauona uso wake, filimbi inapigwa, kisha mafundi moshi wanaongeza majani mabichi motoni ili ukungu uzidi.

"Kwani hao watengenezaji waliweka ukungu wa nini?" nilimuuliza.

"Hilo hata mtoto anajua," akasema. "Mashine ilikuwa dhaifu. Haikuweza kuchora vitu vya mbali, kwa hiyo wakaficha."

"Lakini hapa hakuna mashine, Bwana Mbaruku. Macho yangu hayana udhaifu huo."

"Macho yako ndiyo tatizo," akanijibu, na alikuwa hatanii.

Nilitembezwa. Ukuta mmoja mrefu una doa la unyevu, na doa lile lile linajirudia ukutani kote, kwa sababu watengenezaji walichora kipande kimoja wakakibandika mara nyingi. Yupo mtu anayelipwa kupaka doa hilo; ana wivu na kazi yake kupita kiasi. Watu hawakati kona wakitembea, wanageuka ghafla kama askari wa gwaride. Kuku nao walifundishwa kugeuka hivyo, wakagoma, na Kamati ya Kuku ilikuwa bado inakutana. Mpiga zumari anakaa uwanjani na kurudia wimbo mmoja mfupi tangu asubuhi, na akichoka mwenzake anadakia bila kuacha pengo. Tena kila mkazi ana kauli yake moja ya kuwaambia wageni. Fundi viatu alinieleza kwamba mbwamwitu wameonekana kaskazini. Nilimuuliza bei ya soli. Akanieleza kwamba mbwamwitu wameonekana kaskazini.

Moshi unawakohoza wote, watoto kwa wakubwa. Ila katika asili hapakuwa na mtu aliyekohoa, kwa hiyo sheria inamtaka kila raia atembee na kimto kidogo cha kukoholea asisikike. Wake wa vigogo wana vimto vya hariri.

Nisiwe mnafiki lakini. Siku ya pili nilisimama peke yangu uwanjani, ukungu umenizunguka, zumari inalia mahali nisipopaona, na moyo wangu ukafanya jambo ambalo haujafanya tangu nivae suruali ndefu. Ulidunda kwa hofu tamu. Nilihisi kwamba mbele ya ukungu kuna kitu, na kwamba kitu hicho kinaningoja mimi. Nilitamani kulia. Kisha nikakohoa, na askari akaniandikia onyo kwa kukosa kimto.

Nilipangiwa nyumba ya Bi Zuwena, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Ghubari na hajapata kutoka. Kazi yake rasmi ni Mwanamke wa Kisimani. Nje aliniambia kauli yake, kwamba daraja liko mbele na nisiende peke yangu. Tulipoingia ndani na mlango kufungwa, alitupa ndoo chini akasema, "Afadhali! Mdomo umeniuma. Karibu, kaka, chai iko tayari. Usimjali huyo aliyenuna hapo, ni mwanangu, anaolewa."

"Sijanuna, mama," akasema binti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

Binti huyo aliitwa Mashavu. Mchumba wake, Sudi, ni muuza chumvi kutoka nchi ya watu wa kawaida ng'ambo ya ukungu. Sudi haruhusiwi kuingia mjini, maana katika asili hapakuwa na muuza chumvi. Huacha mifuko ukingoni na kupiga kelele. Mashavu ndiye aliyekuwa akitumwa kuipokea, na walizungumza mwaka mzima bila kuonana.

"Alimpenda sauti kwanza," alisema Bi Zuwena. "Nilimwambia, wewe mtoto, sauti haina pua. Je akiwa hana pua?"

"Anayo, mama. Nimeishika."

"Haya! Umeisikia adabu hiyo?" Alicheka mpaka akatafuta kimto, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. Aliniambia kilichokuwa kinamkaba rohoni. Sheria ya Ghubari ni kwamba anayevuka ukingo harudi, kwa sababu katika asili hapakuwa na mtu aliyeondoka akarudi. Mashavu akitoka ametoka. Na mama yake angemwona akienda mpaka mwisho wa kamba tu, kisha ukungu ummeze.

"Hata harufu ya mafuta yake itakuwa bado puani mwangu," alisema. "Nimemlea peke yangu, kaka. Nimewaomba watu wa Baraza jambo moja. Asubuhi moja tu wasiwashe moto, nimsindikize kwa macho mpaka macho yachoke yenyewe. Kesho wananisikiliza."

Baraza la Ladha ya Zamani, linalotawala wilaya zote, hukaa katika ukumbi wenye viti vya pembe kali, visivyomfaa mwanadamu mwenye makalio. Mwenyekiti ni Bi Kidawa, bibi kizee mkavu anayeheshimiwa kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuvuka daraja utotoni. Kulia kwake wanakaa Wakongwe, wanaotaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa, makosa yakiwemo. Kushoto wanakaa Wang'arishaji, wanaosema asili ilikuwa maskini na ni wajibu wetu kuitajirisha. Mkuu wa Wang'arishaji ni Bwana Tindwa, kijana mwenye viatu vinavyong'aa mpaka vinaudhi. Nilikuwa nimeona wilaya yake nikipita. Kila ukuta umelowa ili umetemete, kila chumba kina mwali wa jua unaoingia mshazari, hata chooni, na wakazi wanateleza na kuvunjika viuno kila siku, ila wanavunjika katika mwanga mzuri sana.

Bi Zuwena alisema ombi lake, kwa maneno yale yale aliyoniambia mimi, na sauti haikutetemeka.

Mkongwe mmoja aliinua mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimechunguza. Mwanamke wa Kisimani katika asili hakuwa na mtoto. Kwa hiyo kisheria binti huyu hayupo. Na asiyekuwepo haondoki. Sioni tunajadili nini."

Walimpigia makofi. Bi Zuwena alimtazama. "Hayupo? Uchungu wake niliusikia siku nzima, bwana. Hiyo nayo iandikeni kwamba haikuwepo."

Bwana Tindwa akasimama. Alisema yeye na wenzake wanamuunga mkono mama huyu kwa moyo wote. Ukungu uondoke! Lakini je, macho ya raia yakutane na utupu? La hasha. Wang'arishaji wangeweka madimbwi kando ya njia ili binti aonekane na kivuli chake majini, wangerusha ndege weupe wakati anageuka, na wapiga fidla wangekaa nyuma ya kichaka.

"Sitaki ndege," akasema Bi Zuwena.

"Ndege ni zawadi yetu, mama."

"Nimekwambia sitaki ndege, mwanangu. Nataka kumwona Mashavu."

Bwana Tindwa aliketi amenuna. Wakongwe walinguruma kwamba ladha itakufa. Wang'arishaji walijibu kwamba ladha ilishakufa na wenzao wanaunusa mzoga. Vimto viliruka. Katika mtafaruku huo nilidhani mambo ya yule mama yamekwisha, kumbe ndipo yalipopona. Wakongwe walipiga hesabu kwamba asubuhi moja bila ukungu itakuwa mbaya kiasi kwamba Wang'arishaji watafunga midomo milele. Wang'arishaji nao walipiga hesabu kwamba itakuwa nzuri kiasi kwamba Wakongwe watajiuzulu. Kila upande ukakubali ili kumwaibisha mwenzake. Bi Kidawa akapiga meza: ombi limepita, bila ndege.

Bi Zuwena alinishika mkono nje ya ukumbi, mikono yake ya baridi. "Wamenihurumia," akasema. Nikamwacha aamini hivyo.

Asubuhi hiyo mafundi moshi walikaa kando ya majivu, mikono mitupu, wakitazamana kama watu waliofukuzwa kazi. Mji mzima ulitoka na viti. Mpiga zumari alipuliza na kupuliza. Upepo ukaja, ukungu ukaanza kupasuka, halafu ukajikusanya ukaondoka wote kwa mara moja.

Hapakuwa na kitu. Yaani palikuwa na kila kitu, ila hakuna aliyekijenga. Uwanda wa nyasi kavu, njia ya vumbi inayokwenda moja kwa moja, kilima, na nyuma ya kilima milima, na juu yake mbingu pana isiyo na adabu. Zumari ilinyamaza. Nina hakika ilikuwa mara ya kwanza tangu mji ujengwe. Mtu mmoja akaanza kutapika.

"Mbona milima yenyewe haing'ai?" aliuliza Bwana Tindwa, na kweli alikuwa ameumia.

Bi Kidawa alijifunika ushungi mpaka machoni.

Mashavu alikuwa tayari, kanga mbili mpya, sanduku kichwani. Alipiga magoti, akaibusu mikono ya mama yake. "Mama, nisamehe nilipokukosea."

"Nimekusamehe kabla hujazaliwa. Nenda. Usigeuke geuke, utajikwaa. Lakini geuka kidogo."

Akaenda. Alifika mwisho wa kamba, na watu wote wakavuta pumzi wakingoja afifie kama kila mtu anavyofifia. Hakufifia. Aliendelea kuwapo, na rangi zake zote, nyekundu ya kanga na nyeupe ya sanduku. Bi Zuwena alipiga kigelegele. Alicheka, akapiga makofi, akawaambia majirani, "Mwoneni! Mwoneni mwanangu! Bado yupo!" Sijaona mtu mwenye furaha vile, na mimi nimeshahudhuria harusi nyingi.

Kisha kigelegele kikakatika.

"Kaka," akasema, bila kuondoa macho njiani. "Mbona anapungua?"

Sikumwelewa.

"Anapungua! Tazama! Alikuwa ananifika begani, sasa ananifika kidoleni! Mashavu! Ee Mungu wangu, mtoto anaisha!"

Mayowe yakapanda uwanja mzima. Hapo ndipo nilipofahamu. Wale waliozaliwa Ghubari hawakuwahi kumwona mtu akiwa mbali. Katika maisha yao yote mtu alikuwa mkubwa kamili, kisha akamezwa na ukungu akiwa bado mkubwa kamili. Kupungua walikuwa hawakujui. Akina mama waliwafumba watoto macho. Mafundi moshi walikimbilia majani bila kuamriwa. Wazee waliojenga mji walitazamana kama watu wanaotaka kukumbuka kitu, kisha wakaamua kutokukumbuka. Hata utotoni, nadhani, hawakutazama sana nje; walikuwa wakitazama kioo.

"Washeni moto!" alilia Bi Kidawa. "Mnaona? Mnaona ukungu ulikuwa unatukinga na nini?"

Bi Zuwena alinikamata kola. Uso wake sitausahau. "Mgeni, wewe umetoka huko. Niambie kweli. Anapungua mpaka wapi?"

"Hapungui, Bi Zuwena. Nakuapia. Yuko vile vile, ni kwamba yuko mbali."

"Usinidanganye, namwona kwa macho yangu! Atarudi ukubwa wake?"

"Ukimfuata," nikasema. "Kila utakavyomkaribia, atakuwa mkubwa. Ukimfikia atakuwa kama alivyokuwa."

Nilisema hivyo kumtuliza tu, kama mtu anavyosema lolote. Yeye alinisikia vingine. Aliachia kola yangu, akaitazama njia, akaitazama nyumba yake. Moshi wa kwanza ulikuwa umeshaanza kutambaa uwanjani.

"Bi Zuwena!" Bwana Mbaruku alimzuia kwa kamba yake. "Ukivuka hapa hurudi. Unaijua sheria. Na kisima nani atakisimamia?"

"Kasimame wewe," akasema, akainama, akapita chini ya kamba.

Alikwenda mbio kwanza, na mbio za mwanamke wa makamo aliyezoea moshi si mbio ndefu. Alisimama akakohoa, bila kimto, mji mzima ukimwona. Akaendelea kwa kutembea. Baada ya muda nikamwona anainua mkono mbele ya uso, akimpima binti yake kwa vidole, kisha anatembea tena, kisha anapima tena. Halafu akaanza kurukaruka kama msichana, na nikajua ameona nilichosema.

Nyuma yangu watu walikuwa wanalia kwa sauti. Walikuwa wakimwona na yeye anapungua.

Kule kilimani alikuwapo mtu mwingine, kidoa cheusi kando ya mnyama, bila shaka Sudi na punda wake. Kile kidoa chekundu kilisimama. Kiligeuka. Kikaweka chini kitu cheupe, kikaanza kurudi huku. Viwili vile, chekundu na cha Bi Zuwena, vilisogeleana polepole mpaka nikahisi machozi yananitoka, vikagusana, vikawa kimoja.

"Wamemezana!" mtu akapiga ukelele. "Wamekwisha wote wawili!"

"Wamekumbatiana!" nilifoka. "Enyi watu, wamekumbatiana! Hamjui kukumbatia?"

Waliniangalia kwa huruma. Moshi ukafunga.

Jioni hiyo Baraza lilikubaliana kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea, Wakongwe na Wang'arishaji pamoja. Kamba ifupishwe kwa usalama wa raia. Majani yaongezwe. Nilijaribu kutoa ushahidi, Bi Kidawa akanijibu kwa upole kwamba mshtuko humfanya mtu aone anachopenda, na Bwana Tindwa, amebadilika kabisa, akaniletea kimto chake mwenyewe.

Kisha walitandika mikeka mbele ya nyumba ya Bi Zuwena, wakaweka matanga. Wanawake walilia kweli, si kwa kuigiza, walimpenda. Wali ulipikwa, dua ikasomwa. Mimi, kwa kuwa nililala nyumbani kwake, nilikalishwa mahali pa wafiwa, na watu wakapita mmoja mmoja kunipa pole. Niliinamisha kichwa, nikaipokea mikono yao yote, nikala wali wao, na katika msiba ule mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nauma midomo nisitabasamu.